Sentimita Mbili, Hatima Tofauti

Mwaka 1995 Masayuki Noguchi na wenzake nchini Japani walichapisha matokeo ya kuchunguza vivimbe 236 vya saratani ya mapafu vilivyoondolewa kwa upasuaji. Hakuna kilichozidi sentimita 2, na vyote vilikuwa adenokasinoma, aina inayoonekana zaidi siku hizi. Lau ukubwa pekee ndio ungeamua, hatima za wagonjwa wale zingekaribiana. Hazikukaribiana. Vilipopangwa kwa sura ya tishu kwenye hadubini, wagonjwa wa makundi A na B walikuwa na kiwango cha kuishi miaka 5 cha asilimia 100. Kundi C asilimia 74.8, kundi D asilimia 52.4.

Tofauti ilikuwa katika mpangilio wa seli. Katika A na B, seli za saratani zimetambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa kama mmea juu ya ua. Kuta zinaweza kusinyaa, lakini hazijapenywa, na matezi ya limfu ya wagonjwa hao yalikuwa safi. Katika C, nyuzi changa za kovu zimeota ndani ya uvimbe, dalili kwamba seli zimeanza kuchimba njia. Katika D zimeshikana zikawa bonge, na umbo la pafu halitambuliki tena.

Uainishaji wa kimataifa wa 2011 ulifuata mkondo huohuo, na mwaka 2020 wataalamu wakapendekeza ngazi tatu za ukali. Linalonishtua ni kipimo cha ngazi ya tatu: sehemu zenye mpangilio mkali, kama ule wa bonge, zikifika asilimia 20 tu, uvimbe wote huhesabiwa mkali, hata kama sehemu kubwa iliyobaki ni tulivu. Kwa hiyo mwanapatholojia hana budi kupitia kioo baada ya kioo, akikadiria kila mpangilio umechukua nafasi kiasi gani.

Kuna pia vikundi vya seli vinavyoonekana vikielea kwenye vifuko vya hewa, nje ya mpaka wa uvimbe. Wapo wanaosema ni kisu cha maabara kilichovisukuma huko wakati wa kukata uvimbe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila tafiti nyingi zimeonyesha kwamba vikiwapo, saratani hurudi zaidi, hasa mpasuaji alipokata kipande kidogo badala ya kuondoa sehemu nzima ya pafu.

Hesabu hizi zote zinahitaji uvimbe mzima mezani. Lakini Afrika Mashariki wagonjwa wengi hutibiwa kifua kikuu kwanza, kwa kuwa kikohozi, kukonda na kivuli kwenye picha ya eksirei hufanana. Saratani inapogundulika, mara nyingi upasuaji hauwezekani tena, na maabara hupokea kijipande cha tishu kilichochotwa kwa sindano. Kinatosha kutaja aina ya saratani, na penye vifaa, kupima jeni zinazoelekeza dawa. Asilimia 20 ya uvimbe mzima haihesabiki humo.