Gari Husema Kabla ya Kusimama

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tuliyaona mawingu wiki mbili nzima, na bado tukanyeshewa. Kwa hiyo mwezi huu tumeona ni bora tuzungumze juu ya injini ya gari, jambo ambalo wengi wetu tuishio hapa Uingereza hulikumbuka siku ile gari linapokataa kwenda.

Ilikuwa Desemba 2009. Tulitoka London asubuhi kwenda arusini Leicester, safari ya takriban maili 100 kwa barabara ya M1. Tulikuwa watu watano, na miongoni mwetu mama mkwe wetu mwenye umri wa miaka 80 na mjukuu wa miaka 7. Tulipoipita Luton, mshale wa joto ulianza kupanda. Tukasema, "Tujikaze hadi kituo cha mapumziko cha Newport Pagnell, tutatazama huko." Hatukufika. Mvuke ulifoka chini ya boneti, injini ikagonga mara mbili tatu, ikazimika. Tulisimama nje katika baridi, malori yakipita kwa kishindo, na mama yetu akitetemeka ndani ya buibui na koti.

Fundi alipolifungua gari aliukuta mpira mmoja wa rejeta una ufa. Mpira ule ni wa bei ndogo kabisa. Lakini kwa kuwa tuliendelea kwenda, silinda hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na gharama ya matengenezo ikazidi thamani ya gari lenyewe. Lililotuuma zaidi ni kwamba wiki mbili kabla ya safari, mjukuu wetu alituambia kuwa gari linanukia sukari iliyoungua. Tulimnyamazisha. Kumbe maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda hutoa harufu tamu yanapovujia juu ya chuma cha moto. Sisi tuliosomesha miaka 30 tulishindwa kumsikiliza mtoto mmoja.

TAA ZA DASHIBODI

Kanuni yake ni nyepesi: taa nyekundu hukuamuru usimame, taa ya manjano hukutaka ulipeleke gari kwa fundi karibuni.

Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Wengi hudhani kwamba inawakumbusha kuongeza oili wafikapo nyumbani. Sivyo. Maana yake ni kuwa oili haisukumwi sawasawa ndani ya injini, na vyuma vinasagana vikavu. Dakika chache tu za kuendelea zatosha injini kunoki. Simama mahali pa salama, zima injini, na usiiwashe tena mpaka sababu ijulikane.

Taa ya betri huonyesha kwamba alteneta haichaji, au mkanda umekatika. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pia pampu ya maji; kwa hiyo utazame mshale wa joto mara moja.

Taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka bila kukatika, nenda taratibu, ukamwone fundi siku zile zile. Ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, aghalabu silinda mojawapo haichomi petroli vizuri. Punguza mwendo na usimame mapema uwezavyo.

MOSHI NA SAUTI

Mvuke mweupe asubuhi ya baridi, unaotoweka gari likipata moto, hauna neno. Moshi mweupe mzito usiokoma ni dalili kuwa maji yanaingia ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli au dizeli inayozidi kiasi. Mlio mkali wa kukwaruza gari linapowashwa mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Mgongo wa chuma kutoka ndani ya injini, unaoongezeka kwa kadiri unavyokanyaga mafuta, ni wa kusimama papo hapo.

GARI LIKICHEMSHA

Zima kipoza hewa, washa hita hadi mwisho hata ikiwa ni kiangazi, kwani hita huvuta joto kutoka katika injini, kisha utafute mahali pa kusimama. Zima injini na ungoje nusu saa au zaidi. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto: maji yaliyo ndani yamebanwa, yatakurukia na kukubabua uso. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto; chuma chaweza kupasuka.

Ukikwama katika barabara kubwa za M, washa taa za hadhari, shukeni nyote kwa milango ya kushoto, mkasimame nyuma ya kizuizi cha chuma, mbali na gari. Usiweke pembetatu ya hadhari barabarani, na usijaribu kutengeneza gari hapo. Likizimika katikati ya njia na huwezi kulitoa, piga simu 999.

CHETI CHA MOT

Baadhi yetu hujipa moyo kwa cheti cha MOT. Cheti hicho ni lazima, lakini ukaguzi wake hautazami hali ya ndani ya injini, klachi wala giaboksi. Gari letu lilikuwa na cheti siku ile lilipokufa.

Basi tujiwekee desturi. Kila Jumamosi, kabla ya kuwasha injini na gari likiwa mahali tambarare, tuchomoe kijiti cha oili, tukifute, tukirudishe na kukitoa tena: oili iwe baina ya alama mbili. Tutazame maji katika chupa yake, kisha tuiname tuangalie kama pana tone chini ya gari. Kazi hii haizidi dakika tano.

Siku ile kilichotuponza si ujinga, bali haraka, na kuona haya kuchelewa arusini. Arusi tuliikosa vile vile. Tangu hapo, mtoto aliyekaa kiti cha nyuma akisema "Babu, pana harufu," tunasimama.