Silva yako imekuwa nyeusi? Usiitupe, na usiiuze kabla ya kusoma hii

Kama una kitu ulichoficha kwenye droo kwa sababu kiligeuka rangi, kitoe sasa hivi, kiweke mezani tusome pamoja. Labda ni pete uliyopewa na mtu mlioachana, labda ni cheni uliyonunua kando ya barabara, labda ni herini za mamako. Kama kimekuwa cheusi, bado kuna matumaini. Kama kinakuachia kijani kwenye ngozi, pole, lakini endelea kusoma.

Mimi somo hili lilinigharimu bangili nzima.

Nyanya yangu wa Mombasa aliacha bangili mbili za fedha, nzito, alizovishwa siku ya harusi yake. Mamangu alinipa nilipokuja Nairobi kusoma, akaniambia neno moja tu: zitunze. Mwaka wa pili karo ikanishinda. Nikachukua moja, imeshakuwa nyeusi kama sufuria ya makaa, nikaipeleka kwa jamaa mmoja wa kibanda mjini. Aliikwaruza kwa ufunguo, akacheka. "Hii si silva bana. Silva gani inakuwa nyeusi hivi? Na muhuri uko wapi?" Akanipa mia tano. Nikachukua. Ilinilisha siku tatu, karo haikulipika, na semista ile ndiyo ikawa ya mwisho.

Miezi kadhaa baadaye nikiwa nyumbani, nilimpelekea sonara wa Mji wa Kale bangili iliyobaki. Aliisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha tone la tindikali kwenye alama iliyobaki pale, akaitazama rangi. Kisha akaipima: gramu 64. "Fedha hii, mwanangu," akasema. "Hizi huvaliwa mbili mbili. Mwenzake iko wapi?"

Nikamwambia iko nyumbani.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kuhusu silva. Haya hapa ndiyo ambayo marafiki zangu huniuliza zaidi, na majibu ambayo ningependa kuyajua kabla ya kuingia kwenye kile kibanda.

Mbona imekuwa nyeusi? Ni feki?

Hapana. Kwa kweli weusi wa namna hiyo ni tabia ya fedha halisi. Hewani kuna gesi zenye salfa, hasa mahali penye moshi wa magari na mitaro ya maji taka, yaani karibu kila mtaa tunaoishi. Salfa ikikutana na fedha inajenga utando mweusi juu yake. Hiyo si kutu. Kutu ni ya chuma, na inakila chuma hadi ndani. Utando wa fedha hukaa juu tu, chini yake chuma chako ni kizima.

Mayai, vitunguu, sufi, mpira na jasho lako pia vina salfa. Ndiyo maana kijiko cha fedha kikitumika kula mayai hubadilika haraka, na ndiyo maana ukifunga cheni zako kwa rababendi unajitafutia kazi.

Mbona kidole kimekuwa kijani?

Kijani ni shaba inayozungumza. Pete nyingi za bei ya kutupa ni shaba nyekundu au shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya fedha juu. Utando ukiisha, jasho linakutana na shaba, unabaki na alama ya kijani. Hata silva nzuri huwa na shaba kidogo ndani, kwa hivyo kijani kidogo wakati wa joto kali si lazima kiwe ushahidi wa wizi. Lakini kama kidole kinawasha na kutoa vipele, mshukiwa mkubwa ni nikeli. Vua, usijikaze.

Ile 925 maana yake nini?

Fedha tupu ni laini mno, pete yake ingepinda ukishika tu mlango wa matatu. Kwa hivyo huchanganywa: sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, 75 zinazobaki mara nyingi ni shaba. Hiyo ndiyo 925.

Sasa sikiliza vizuri. Kuwepo kwa muhuri si hakikisho, kwa sababu yeyote mwenye nyundo na chapa anaweza kugonga tarakimu tatu. Na kukosekana kwa muhuri si ushahidi wa ufeki. Mapambo mengi ya zamani ya pwani hayana muhuri. Masonara wa pande hizi za Bahari ya Hindi walizoea kuyeyusha sarafu, hasa riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mia moja baadaye. Riale hiyo ina fedha ya asilimia 83 hivi, haifiki 92.5. Kwa hivyo bangili ya nyanyako inaweza kuwa fedha ya kweli na isistahili kabisa kugongwa 925. Hata lugha yetu inakumbuka enzi hizo: neno fedha ni chuma hicho, na neno lilo hilo ni pesa.

Na kama wewe ni mtu wa kuchakura vijiko kwenye mitumba ya Gikomba au Toi, geuza nyuma usome. Ukiona EPNS, hicho ni kijiko cha mchanganyiko wa shaba na nikeli kilichopakwa fedha juu. Ukiona simba mdogo anayetembea, ameinua mguu mmoja wa mbele, huo ni muhuri wa Uingereza wa fedha halisi. Lipa polepole, usionyeshe meno.

Nitaipimaje nikiwa nyumbani?

Anza na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, kwa hivyo cheni ikirukia, maliza mchezo hapo. Isiporukia bado hujashinda, maana shaba nayo haivutwi.

Kisha barafu. Hakuna chuma kinachopitisha joto kuliko fedha. Weka kipande cha barafu juu ya fedha na kingine juu ya sahani, utaona cha juu ya fedha kinayeyuka upesi. Hapa pia shaba inaweza kukudanganya, kwa sababu iko karibu sana nayo.

Jibu la mwisho analo sonara. Na umwendee zaidi ya mmoja. Mimi nilimwendea mmoja tu, tena aliyekuwa mnunuzi. Anayetaka kununua si wa kukupimia mali yako.

Niisafishe na nini?

Jaribu kwanza maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini. Suuza, kausha kabisa. Mara nyingi hiyo inatosha.

Weusi ukikataa, fanya hivi. Tandika foili ya aluminiamu, ile ya kufungia nyama, ndani ya bakuli. Weka silva yako juu, na ihakikishe inagusa foili. Nyunyiza kijiko kikubwa cha bekingi soda (si bekingi pauda) na chumvi kidogo, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka. Utasikia harufu kama ya yai viza. Usiogope, hiyo ni salfa inayoondoka. Aluminiamu inaipokonya fedha ile salfa. Baada ya dakika chache toa kwa uma, suuza, kausha.

Uzuri wa njia hii ni kwamba fedha iliyokuwa imegeuka weusi inarudi kuwa fedha. Ukisugua kwa nguvu, unaifuta na kuitupa.

Lakini usitumie foili kwa pete yenye lulu au jiwe lililobandikwa kwa gundi, wala kwa pambo ambalo fundi aliacha weusi kwenye nakshi makusudi. Hizo ni za kitambaa tu.

Na dawa ya meno je? Wacha. Ina chembechembe za kukwaruza meno, nazo zitakwaruza pete hadi ionekane imechoka. Kama imepakwa fedha tu juu, utaisugua hadi shaba itoke kukusalimia. Jiki ndiyo mbaya kabisa: klorini inaiharibu fedha. Kwa hivyo vua pete kabla ya kuloweka nguo, na vua kabla ya kuingia kwenye bwawa la kuogelea.

Nikishasafisha, niiweke wapi?

Mwilini. Silva inayovaliwa kila siku hujisugua yenyewe. Ile usiyovaa, itie kwenye kijimfuko cha plastiki, toa hewa, funga. Kipande cha chaki kando yake kitafyonza unyevu. Bafuni si mahali pake.

Kumbe silva ni ya urembo tu?

Wapi! Hakuna chuma kinachopitisha umeme vizuri kuliko fedha, na huenda unayo hapo ulipo bila kujua. Angalia paneli ya sola juu ya paa la shagz: ile mistari myembamba inayopita juu yake hutengenezwa kwa fedha, ndiyo inayokusanya umeme. Simu yako ina fedha kidogo ndani ya saketi zake. Filamu za eksirei za zamani zilibeba picha ya mfupa wako kwa chembe za fedha. Hospitalini kuna krimu nyeupe ya majeraha ya moto yenye fedha, kwa sababu fedha huua bakteria.

Na hii ndiyo ninayoipenda. Kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024, Faith Kipyegon alishinda dhahabu mbio za mita 1,500 na fedha mbio za mita 5,000. Medali ya dhahabu ya Paris ilikuwa na uzito wa gramu 529. Dhahabu ndani yake? Gramu 6, imepakwa juu. Kuna kipande cha chuma cha Mnara wa Eiffel, na kilichobaki ni fedha. Kwa hivyo medali zake zote mbili, ukizitazama kwa ndani, ni fedha.

Onyo moja kabla hatujaachana. Kuna watu mitandaoni wanauza maji ya fedha ya kunywa, eti yanatibu kila kitu. Usinywe. Fedha ikijazana mwilini inageuza ngozi kuwa ya kijivu yenye buluu, na rangi hiyo haitoki. Huko nyuma mwaka 1999 serikali ya Marekani ilisema wazi kwamba dawa hizo hazijathibitishwa kuwa salama wala kutibu. Krimu uliyoandikiwa na daktari upake juu ya jeraha ni jambo jingine.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Leo asubuhi nimeiosha bangili yangu kwa foili na nimeivaa ninapoandika. Inang'aa hadi kondakta ameniuliza ni ya wapi. Nilirudi kwenye kile kibanda mara mbili. Mara ya kwanza jamaa alisema hanikumbuki. Mara ya pili kibanda kilikuwa kinauza vifuniko vya simu.

Mamangu huiona mkononi mwangu nikienda nyumbani. Hajawahi kuniuliza ya pili. Lakini huwa ananisoma hapa, kwa hivyo sasa anajua: niliiuza, tena kwa mia tano, kwa sababu niliona aibu kuuliza.

Wewe uliza. Na kile ulichokiweka mezani, usikirudishe kwenye droo.