Karatu Kuna Baridi, Mbona Prosesa Inachemka?

Mwezi wa saba Karatu si mahali pa kulalamikia joto. Asubuhi ukungu unashuka kutoka upande wa Ngorongoro, watu wamejifunika mashuka, na chai inapoa kabla hujamaliza andazi. Ndiyo maana nilicheka pale kijana mmoja mwenye steshenari aliponiambia kompyuta yake inazima kwa sababu ya joto.

Niliacha kucheka nilipoona foleni. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wanajaza maombi ya mkopo wa chuo. Kompyuta yenyewe, ambayo mwenye duka aliiunga kwa mikono yake kutokana na vipuri vya mtumba alivyonunua Arusha, ilikuwa inazima ghafla katikati ya fomu. Dada mmoja alikuwa ameanza upya mara ya tatu, na nauli ya kurudi kwao ilikuwa ya siku hiyo tu. Fundi aliyepita kabla yangu alishatoa hukumu: "Prosesa imekufa, nunua nyingine." Bei aliyotajiwa ilizidi kipato cha duka cha mwezi mzima.

Kwa hiyo twende pole pole. Hii kesi inaweza kukukuta na wewe, na ukijua joto linavyosafiri, unaweza kuokoa hela nyingi.

Joto halipotei, linasafirishwa

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni chenye swichi mabilioni zinazowaka na kuzima. Umeme wote unaoingia humo, karibu wote, unatoka kama joto. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani ikifanya kazi kwa nguvu inatoa kama wati 65. Balbu ya zamani ya wati 60 uliwahi kuigusa ikiwaka? Sasa joto hilo libane kwenye eneo dogo kuliko kucha ya kidole gumba.

Joto hilo lina safari ya vituo vinne. Linatoka kwenye silikoni hadi kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa. Linavuka pesti, ule utomvu mzito unaopakwa juu yake. Linaingia kwenye hitisinki, yaani lile bonge la alumini lenye mapezi mengi membamba. Mwisho feni inapuliza hewa kwenye mapezi, na hewa inalibeba joto kulitoa nje ya kasha.

Kituo kimoja kikiziba, joto linarundikana nyuma yake, kama magari yanavyorundikana nyuma ya lori lililokufa kwenye mteremko wa Mto wa Mbu. Prosesa inaona nyuzi zinapanda. Ikikaribia 95 au 100, kutegemea aina yake, inajipunguzia kasi ili ijiokoe. Isipotosha, inazima kompyuta yote.

Hapo fundi wa kwanza ndipo alipokosea. Prosesa inayozima kwa joto haijafa. Iko hai, na inajilinda. Iliyokufa kweli kwa kawaida haiwaki kabisa.

Je, ni huu mwinuko?

Jirani mmoja alikuwa na maelezo yake: "Huku juu hewa ni nyepesi, ndiyo maana feni haipozi." Wazo hili si la kipuuzi hata kidogo. Tulipigie hesabu.

Karatu mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo, ujazo uleule wa hewa una uzito wa takriban asilimia 86 ya ule wa Dar es Salaam. Ukipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kama mita 2,300, unabaki na asilimia 80 hivi. Ndiyo sababu pia ukipika makande kule juu lazima uwe na subira: maji yanachemka kwenye nyuzi kama 92 badala ya 100. Feni nayo inasukuma ujazo uleule, lakini chembe za hewa za kubeba joto ni chache.

Kuna mahali hili ni tatizo kweli. Darubini ya redio ya ALMA, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, ina kompyuta yake maalumu kwenye mwinuko wa mita 5,000. Kule wahandisi walilazimika kupitisha hewa mara mbili ya kawaida ili kuipoza, na hawakuweza kutumia diski ngumu zinazozunguka, kwa sababu kichwa cha kusomea cha diski huelea juu ya tabaka jembamba la hewa.

Karatu je? Fomula ni rahisi. Chukua wati, zidisha kwa ukinzani wa joto wa njia nzima, unapata nyuzi ambazo prosesa itazidi chumba. Tuseme hitisinki ya kawaida iliyofungwa vizuri ina ukinzani wa nyuzi 0.6 kwa kila wati. Wati 65 mara 0.6 ni 39. Chumba kikiwa na nyuzi 20, prosesa inafika 59. Hewa nyepesi ya Karatu inaongeza kama nyuzi 3 tu, tunafika 62.

Halafu kuna upande wa pili ambao jirani aliusahau. Kwa wastani hewa inapoa kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja unayopanda. Kwa hiyo Karatu inakupa chumba chenye ubaridi wa nyuzi karibu 10 kuliko pwani. Mwinuko unachukua 3 na kukupa 10. Kompyuta ileile ingepaswa kupumua vizuri zaidi Karatu kuliko Kariakoo!

Na zaidi ya hayo, mwenye duka aliniambia mashine ilifanya kazi wiki nzima bila shida ikiwa Arusha. Arusha ni kama mita 1,400. Mita 100 haziwezi kuzimisha kompyuta. Mwinuko tukauachia huru. Ila lile neno "ilipokuwa Arusha" lilibaki kichwani mwangu.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua mfuko wa hela

Unahitaji programu ya kusoma joto. Kwenye Windows ipo HWiNFO, ya bure. Kwenye Linux andika sensors kwenye dirisha la amri. Kisha jiulize maswali haya.

1. Nyuzi zinapanda kwa kasi gani? Ipe prosesa kazi nzito uangalie. Zikiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto halivuki kwenda kwenye hitisinki: tatizo ni pesti au ufungaji. Zikipanda taratibu kwa dakika kadhaa, hitisinki inapokea joto ila hewa haliondoi: tatizo ni vumbi, feni au kasha lililobanwa.

2. Hitisinki yenyewe ina joto? Mara tu baada ya kazi nzito, zima, chomoa waya, fungua kasha, gusa mapezi kwa tahadhari. Kama programu ilisema 98 na mapezi ni vuguvugu tu, umeshapata jibu. Joto limekwama chini yake.

3. Ukiacha ubavu wa kasha wazi inakuwaje? Nyuzi zikishuka sana, kasha ndilo halipumui.

Kwa kompyuta ya steshenari, nyuzi ziliruka hadi 99 kabla sijahesabu kumi. Nikagusa hitisinki. Ilikuwa kama kikombe cha chai kilichosahaulika.

Kipini kimoja

Tulilaza kasha ubavu, tukawasha tochi ya simu. Hitisinki yake ilikuwa ya aina inayoshikwa na vipini vinne vya plastiki, unavisukuma kwenye matundu ya madabodi hadi vilie "tak". Vitatu vilikuwa vimeshika. Cha nne kilikuwa kimechomoka nusu.

Kumbe kompyuta ilisafiri kutoka Arusha ndani ya buti, imesimama, chini ya magunia. Hitisinki ni nzito, na mitikisiko ya safari ikafanya yake. Upande mmoja ukainuka kidogo sana, labda unene wa karatasi mbili tatu. Usingeuona kwa macho kama huutafuti.

Mbona mwanya mdogo hivyo unaleta balaa kubwa? Kwa sababu mwanya umejaa hewa, na hewa ni mchukuzi mvivu mno wa joto. Shaba inapitisha joto vizuri kuliko hewa iliyotulia kwa zaidi ya mara 15,000. Kazi ya pesti ni kufukuza hiyo hewa kwenye vijishimo vidogo kati ya chuma na chuma. Pesti nyingi zinaipita hewa zaidi ya mara 100, lakini bado ziko mbali sana nyuma ya shaba. Kwa hiyo pesti inatakiwa iwe nyembamba. Kuipaka kama siagi kwenye mkate hakusaidii.

Rudi kwenye fomula. Mwanya ule na pesti iliyokauka vikiongeza ukinzani kwa 0.7 tu, wati 65 zinaleta nyuzi 45 za ziada. Ongeza kwenye zile 62, unapata 107. Prosesa haiwezi kufika huko, itazima kabla. Ndicho kilichokuwa kinatokea katikati ya kila fomu.

Namna ya kurekebisha

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha ili utoe umeme tuli mwilini, hasa kiangazi hewa ikiwa kavu.

Toa hitisinki kwa kuizungusha kidogo kidogo, usiivute kwa nguvu. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa laini na spiriti safi, isiyo na mafuta wala rangi. Acha pakauke kabisa.

Toa vumbi kwenye mapezi kwa brashi laini na blowa. Shikilia feni kwa kidole isizunguke hovyo wakati unapuliza. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Karatu hapa ndipo penye kazi: ule udongo mwekundu wa volkano unaotupa vitunguu na kahawa ukikauka unakuwa unga laini, unaingia kila tundu na kugeuka blanketi kati ya mapezi.

Weka pesti mpya katikati ya prosesa, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Usitumie dawa ya meno. Ndiyo, inapoza siku za mwanzo, kwa sababu ina maji. Maji yakikauka unabaki na chokaa.

Rudisha hitisinki, kama ina nailoni ya kiwandani chini yake hakikisha umeibandua. Sukuma vipini kwa mshazari: cha kwanza na kinachokitazama kona ya pili, halafu viwili vilivyobaki. Kisha geuza madabodi au mulika kwa nyuma, uone vyote vinne vimetokeza sawasawa. Mwisho chomeka waya wa feni. Wengi wanausahau!

Ukikosa pesti siku hiyo na kazi haisubiri, ipo dawa ya muda. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa prosesa nyingi hiyo inazima ule mwendo wa ziada. Nguvu inayotumika inategemea kasi mara volti ya kipeo cha pili, kwa hiyo volti ikishuka kidogo, joto linashuka sana. Utapoteza kasi kiasi, ila hutapoteza fomu.

Ilivyoisha

Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Gharama ilikuwa bomba dogo la pesti. Tulipoijaribu kwa kazi nzito, prosesa ilitulia kwenye nyuzi 64, karibu sana na hesabu yetu ya 62. Yule dada alijaza fomu yake mpaka mwisho, akachapisha nakala, akawahi gari.

Kabla sijaondoka nilimwomba mwenye duka mambo matatu. Kasha likae mezani, lisikae sakafuni kwenye vumbi. Nyuma yake paachwe nafasi ya kiganja hadi ukuta. Na kile kitambaa cha kufuma alichopewa na mama yake, kizuri kweli, kihamie kwenye redio, maana kilikuwa kimeziba matundu ya juu. Akisafirisha kompyuta tena, ailaze ubavu, madabodi ikiwa chini, ili uzito wa hitisinki uikandamize prosesa badala ya kuning'inia.

Na wewe ukiambiwa prosesa imekufa, usibishane na fundi. Muulize swali moja tu: joto limekwama kituo gani? Kama hajui, fungua kasha mwenyewe, uanze na kugusa hitisinki.