Fyuzi: Mlinzi Mdogo wa Boti Yetu

Zamani wavuvi wengi wa dagaa katika Ziwa Viktoria walivua kwa karabai. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, na betri nyingi ni za volti 12. Watu husema, "Umeme wa betri ni mdogo, haurushi mtu." Ni kweli. Lakini umeme huo huo unaweza kuteketeza boti.

Nyaya zikichubuka na kugusana, yaani zikipiga shoti, betri humwaga umeme mwingi mara moja, hata ampea mia kadhaa. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto. Ukigusa mbao kavu, turubai au petroli, moto unawaka. Usiku, katikati ya ziwa, tutakimbilia wapi?

Kinga yake ni fyuzi au breka. Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba wa madini. Umeme ukizidi, uzi huo huyeyuka na umeme hukatika. Breka ni swichi inayojizima yenyewe umeme ukizidi. Baadaye tunaweza kuiwasha tena. Kazi yao kubwa ni kulinda waya usiungue.

Tuchague namna gani?

1. Tupige hesabu. Tuchukue wati za taa zote, tugawe kwa volti. Taa 4 za wati 18 ni wati 72. 72 gawanya kwa 12 ni 6. Basi taa zetu zinakula ampea 6.

2. Fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko hesabu hiyo, lakini isizidi uwezo wa waya. Kwa taa hizo, fyuzi ya ampea 10 na waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 vinafaa. Fyuzi bapa za magari zina rangi: ya 10 ni nyekundu, ya 30 ni ya kijani. Zote mbili zinaingia tundu moja, lakini ya 30 itaacha waya uungue.

3. Breka iwe na herufi DC, yaani ya umeme wa betri. Umeme wa nyumbani husita mara 100 kila sekunde, na hapo cheche huzimika. Wa betri hausiti. Kwa hiyo tusichukue breka ya nyumbani.

Tuifunge wapi?

Tuifunge kwenye waya wa chanya (+), karibu na betri. Isizidi sentimeta 18, pungufu kidogo ya shubiri moja. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi. Tena iwe mbali na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya boti. Cheche moja tu inatosha.

Fyuzi ikiungua je?

Wengine huweka kipande cha waya, eti wamalize kuvua. Huko ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Tuzime taa, tutafute waya uliochubuka, tuutengeneze, kisha tuweke fyuzi ya namba ile ile. Breka nayo tusiiwashe kabla ya kuona kosa. Kila safari tubebe fyuzi za akiba katika kopo kavu.

Maswali ya kujadili:

1. Taa 3 za wati 20 kwa betri ya volti 12 zinakula ampea ngapi?
2. Katika boti za kijijini kwetu, ngapi zina fyuzi karibu na betri?