Miraa, jeni na dawa ya maumivu baada ya upasuaji

Mkazi wa Timau anayepelekwa Meru au Nanyuki kufanyiwa upasuaji huulizwa maswali mengi kabla ya kuingia thieta: alikula saa ngapi, ana pumu, dawa gani humdhuru. Katika kaunti ya Meru lipo swali jingine lisilofaa kusahaulika: je, anatafuna miraa?

Sababu iko kwenye ini, penye kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Kodeini, dawa ya maumivu, peke yake haina nguvu kubwa ya kuyatuliza. Hungoja kimeng'enya hicho kigeuze sehemu yake kuwa mofini. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo hukitegemea. Utafiti uliofanyiwa watu waliojitolea nchini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba miraa hupunguza kazi ya kimeng'enya hicho. Huenda basi mtafunaji akameza tembe zake zote kwa wakati na bado akakesha akiguna, huku wauguzi wakidhani anadeka.

Kinyume chake kinatisha zaidi. Wapo waliozaliwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, na miili yao huigeuza kodeini kuwa mofini upesi mno. Mwaka 1996 watafiti waliripoti kuwa asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima walikuwa nazo, kiwango kinachozidi sana kile cha kaskazini mwa Ulaya. Huko Amerika Kaskazini, baadhi ya watoto waliopewa kipimo cha kawaida cha kodeini baada ya kutolewa tonsili walifariki kwa kukosa pumzi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya vikali dhidi ya matumizi hayo, na 2017 ikaelekeza kwamba kodeini isitumiwe kwa watoto wote walio chini ya miaka 12.

Ndani ya thieta kuna hatari nyingine za dawa za jamii ya mofini. Fentanili ikisukumwa haraka mshipani inaweza kukaza misuli ya kifua hadi hewa ya barakoa isiingie. Remifentanili nyingi inaweza kumwacha mgonjwa akiamka na maumivu makali kuliko yaliyotarajiwa, na kumwongezea dozi kunaweza kuyazidisha. Pethidini, kwa mwenye figo dhaifu, huacha mabaki yanayoweza kuleta degedege.

Hakuna sababu ya kuzikataa dawa hizi. Kumwacha mtu na maumivu ya kisu ni ukatili, na Uganda imetumia mofini ya maji kwa wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1990. Kinachookoa ni uangalizi, na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni pekee hakitoshi: mgonjwa aliyewekewa oksijeni huweza kuonyesha namba nzuri ilhali pumzi zake zinapungua.

Kwa hiyo mweleze mtaalamu wa nusukaputi kuhusu miraa, pombe, figo, kukoroma usiku na dawa iliyowahi kukulevya kupita kiasi. Na ukimuuguza mtu mzima usiku wa kwanza, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au akikoroma na haamki ukimwita, usiseme amepata usingizi mzuri: mwite muuguzi papo hapo.