Fosfini katika Mawingu ya Zuhura

Tarehe 14 Septemba 2020 wanaastronomia walioongozwa na Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff walitangaza kwamba mawinguni mwa Zuhura kuna dalili za fosfini, gesi ya fosforasi na hidrojeni ambayo duniani hufukizwa maghalani kuua wadudu wa nafaka, na ambayo pia huonekana palipo na vijidudu viishivyo bila oksijeni. Suala la uhai limekwisha kuandikwa mno. Linalostahili kutazamwa zaidi ni namna darubini za Hawaii na Chile zilivyoweza kuitambua gesi hiyo kutoka mbali.

Njia iliyotumika ni spektroskopia, yaani uchambuzi wa mnururisho kwa kufuata urefu wa mawimbi yake. Molekuli ya gesi haizunguki kwa kasi yoyote, bali kwa kasi maalumu tu, mfano wa mkwezi asiyeweza kukanyaga popote kwenye shina la mnazi ila penye vidato vilivyochongwa. Ili ipande kidato kimoja, sharti imeze nishati inayolingana kabisa na pengo lililopo, na iliyopungua au kuzidi huiacha ipite. Na kwa kuwa kila mnazi una mapengo yake, aliyepewa vipimo vya hatua za mkwezi angeweza kuutaja mnazi bila kuuona. Fosfini inapotoka chini kabisa hadi kidato cha kwanza humeza wimbi la milimita 1.123, hivyo mnururisho utokao tabaka za chini za Zuhura hufika duniani ukiwa na upungufu mwembamba mahali hapo, uitwao mstari wa ufyonzaji.

La kuvutia ni kwamba salfa dioksidi, inayofahamika tangu zamani kuwamo angani mwa Zuhura, ina pengo linalokaribiana na hilo, kwa tofauti ya takriban sehemu 4 tu katika milioni, ila kwake liko juu sana mnazini, kwenye molekuli zinazozunguka kwa kasi kubwa. Kama salfa dioksidi ndiyo iliyomeza wimbi, basi mistari yake mingine iliyo dhahiri zaidi ingepaswa kuonekana. Greaves na wenzake hawakuiona katika data za ALMA, darubini ya Chile; mwaka 2021 wapinzani walijibu kwamba mpangilio wa antena zake hufifisha mistari ya gesi iliyotanda usoni pote pa sayari, na kadirio la awali la molekuli 20 za fosfini katika kila bilioni lilikuwa limekwisha kushushwa.