Saa moja ya kazi, bei mbili: hesabu za mama anayelea peke yake Uingereza

Na Mwandishi Wetu

KATIKA soko la ajira la Uingereza, saa moja ya kazi ina bei mbili. Ya kwanza imebandikwa wazi: kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi, ambacho katika mwaka wa fedha 2025/26 kilikuwa pauni 12.21. Ya pili haibandikwi popote. Ni kile kinachobaki mkononi mwa mama anayelea mtoto peke yake, baada ya serikali kupunguza mafao yake na kituo cha malezi kuchukua chake. Kwa hesabu tulizopiga, bei hiyo ya pili haifiki pauni 4.

Mafao yenyewe huitwa Universal Credit. Yalianzishwa mwaka 2013 ili kuunganisha misaada kadhaa ya zamani, ukiwemo wa kodi ya nyumba na wa watoto, katika malipo moja ya kila mwezi. Mzazi anaruhusiwa kufanya kazi huku akiyapokea. Kuna kiasi cha mshahara ambacho hakiguswi, na kwa anayesaidiwa kodi ya nyumba kilikuwa pauni 411 kwa mwezi katika mwaka huo wa 2025/26. Zaidi ya hapo, kila pauni 1 anayopata baada ya kodi hupunguza mafao kwa peni 55. Mwanzoni makato yalikuwa peni 65, yakashuka hadi 63 mwaka 2017, kisha 55 mwishoni mwa 2021.

Kwa upande wa malezi, serikali hurudisha asilimia 85 ya gharama, kwa ukomo uliokuwa pauni 1,031.88 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Sharti ni kwamba mlezi awe amesajiliwa. Bibi anayekaa na mjukuu wake nyumbani, hata akilipwa kila Ijumaa, hahesabiwi.

Sasa tuchukue mama mwenye mtoto wa miaka 8, anayepanga nyumba na kufanya kazi saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini. Mwajiri anampa saa 8 zaidi. Kwa mwezi hizo ni saa kama 35, na mshahara unaongezeka pauni 423. Kodi ya mapato na bima ya taifa vinachukua pauni 62, zinabaki 361. Mafao yanapungua kwa pauni 199, zinabaki 162. Hapo hatujamtafutia mtoto mahali pa kukaa baada ya shule. Tukikadiria pauni 6 kwa saa, malezi ni pauni 208. Serikali inarudisha 177, mama anabeba 31. Mkononi zinabaki pauni 131.

Gawanya kwa saa 35, utapata pauni 3.80 hivi kwa saa. Nauli ya basi haimo. Mchango wa pensheni nao tumeuacha.

Msomaji wa ukurasa huu atauliza: kwa nini basi aongeze saa? Swali ni la haki, ila tazama upande wa pili. Bila zile asilimia 85, mama huyu angelipa pauni 208 za malezi kutoka katika pauni 162, yaani angefanya kazi kwa hasara ya pauni 46 kila mwezi. Hakuna mfanyabiashara anayeongeza bidhaa dukani kwa masharti hayo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hata hivyo, asilimia siyo inayowaumiza zaidi wazazi hawa. Inayowaumiza ni tarehe. Kituo cha malezi kinataka fedha mbele, mara nyingi pamoja na amana. Mafao yanalipwa nyuma, baada ya mwezi wa hesabu kufungwa na mzazi kuonyesha kwamba ameshalipa. Kila aliyewahi kununua mzigo kwa fedha taslimu na kuuza kwa mkopo anaujua ugonjwa huu. Faida ipo kwenye daftari, lakini sanduku tupu.

Mama mmoja alilipeleka jambo hilo mahakamani. Januari 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa haki, ikisema utaratibu wa kulipa kwanza uliwabagua wanawake, kwa kuwa ndio wengi wanaolea peke yao. Kabla mwaka haujaisha, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu. Hata hivyo, tangu katikati ya 2023 mzazi anayeanza kazi au kuongeza saa anaweza kuomba ofisi ya ajira ilipie gharama za mwanzo. Akizionyesha gharama hizo anarudishiwa asilimia 85, nazo anazitumia kulipia mwezi unaofuata. Kwa lugha ya dukani, amepewa mtaji wa kuzungushia. Asiyejua kuomba hapewi.

Tarehe ilileta kesi nyingine iliyoishia vizuri zaidi. Akina mama wanne wanaolea peke yao walikuwa wakilipwa mshahara siku maalumu ya kila mwezi. Siku hiyo ikiangukia wikiendi, mwajiri hulipa mapema, na mishahara miwili ikaingia katika mwezi mmoja wa hesabu za mafao. Kompyuta iliona mtu aliyetajirika ghafla mwezi huu na asiye na kipato mwezi ujao, na kile kiasi kisichoguswa kikatumika mara moja badala ya mbili. Kwa viwango vya 2025/26, kosa kama hilo lingemgharimu mama wa mfano wetu pauni 226 kwa mpigo mmoja, bila kufanya kazi saa moja pungufu. Mahakama ya Rufaa ilisema Juni 2020 kwamba utaratibu huo haukuwa na mantiki, na kanuni zikarekebishwa mwaka huohuo.

Wapo wasomaji wetu wenye dada au binamu kule, ambao fedha wanazotuma ni sehemu ya mtaji wa biashara hapa. Wajue kwamba viza nyingi za kazi na za masomo zina sharti linalomzuia mwenye viza kudai fedha za umma. Ndugu wa namna hiyo anayelea mtoto peke yake analipa malezi bila hizo asilimia 85. Akipunguza kutuma, tusikimbilie kusema amesahau nyumbani.

Aliye na haki ya mafao naye ana mtego wake katika akiba. Akiwa na zaidi ya pauni 6,000, kila pauni 250 za ziada, au sehemu yake, hupunguza mafao kwa pauni 4.35 kwa mwezi. Zikivuka 16,000, kwa kawaida mafao yote husimama. Anayepokea mafao na kutaka kununua hisa kwa jina lake huku nyumbani aanze na hesabu hiyo, maana hisa nazo huhesabiwa kuwa akiba.